Neno Nililomwandikia Evaristi

Tarehe saba mwezi wa sita mwaka huu nilimpoteza baba yangu, Sipriani, seremala wa Ntalikwa. Pamoja naye nilipoteza nafasi ya kumwambia jambo moja nililokuwa nalo tangu nikiwa na miaka kumi na mmoja. Nilikuwa nalo kila nilipokwenda kumsalimia. Nilikuwa nalo hata ile wiki ya mwisho, nikimnywesha uji kwa kijiko na yeye akinitazama kama mtu anayengoja niseme kitu. Sikusema. Sasa nawaambia ninyi, maana yeye hawezi tena kusikia na mimi nimechoka kunyamaza.

Baada ya arobaini tuligawana vyombo vyake vya kazi. Kaka zangu walichukua misumeno na patasi, mimi nikapewa randa ya kulainishia mbao. Nilipofika nayo nyumbani niliigeuza, nikakuta maranda machache ya mninga yamekwama mdomoni mwake, makavu, yamejikunja kama masikio ya mtoto mchanga. Nikayanusa. Waliokaa na mninga wanaijua harufu yake: kavu, tamu kidogo, inakwenda moja kwa moja kooni na kukaa hapo. Nilisimama na randa mkononi, chai ikapoa mezani, nami nilikuwa bandani kwa baba, nimekalia gogo, naimba Kilatini.

Msicheke. Mimi ni mtu wa darasa la saba, lakini Kilatini nilikiimba kabla sijajua kuendesha baiskeli.

Baba alisoma seminari ndogo miaka miwili, kisha akarudi nyumbani. Kwa nini alirudi, hatukuuliza. Lilikuwa moja ya yale maswali ambayo mtoto anajua tu kwamba hayaulizwi, bila mtu kumwambia. Alijifunza useremala kwa baba yake mdogo, akaoa, akatuzaa sisi watano, na Kilatini chake kikabaki cha kanisani: maneno machache ya zamani aliyoyatamka vizuri kuliko katekista, jambo ambalo katekista hakulipenda.

Siku moja masista wa zahanati walimwita awatengenezee rafu za dawa. Alipomaliza wakampa boksi la makaratasi ya zamani ya kuwashia moto wa kuchemshia gundi. Humo ndani alikuta daftari la jalada gumu, limeandikwa kwa mkono, herufi safi za msichana wa shule. Lilikuwa la sista mmoja aliyekuwa ameshahama na kurudi kwao zamani; inaonekana alikuja nalo tangu usichana wake, akalisahau. Baba alilifungua, akasoma mstari mmoja, akakaa chini juu ya gogo. Akasoma kwa sauti: rosa, rosa, rosam, rosae. Mama alitoka jikoni akidhani anaitwa.

Tangu siku hiyo, jioni wakati mama anasonga ugali, baba alinifundisha. Kaka zangu walikimbilia mpira. Mimi nilipenda kukaa kwenye maranda. Alisema Kilatini si kigumu, kinataka tu mtu awe mtulivu. Alisema sisi tunabadilisha kichwa cha neno: mtoto, watoto, kitoto. Wao wanabadilisha mkia. Akachukua jina langu mwenyewe, kwa kuwa lilikuwamo kwenye jedwali la daftari, akaniambia maana yake ni malkia. Regina ni malkia anayetenda. Reginam ni malkia anayetendewa. Reginae ni cha malkia. Nilielewa kidogo sana. Niliamini kwamba Regina na Reginam ni watu wawili, na nilitaka kujua nani kati yao atapewa chakula kwanza. Baba alicheka hadi akaweka chini penseli. Lakini nyimbo za mikia nilizishika zote, ya waridi, ya meza, ya mkulima, ya baharia. Baharia ni nini hasa sikujua. Bahari nilikuwa sijaiona. Baba naye hakuwahi kuiona hadi alipokufa.

Daftari lile lilikuwa na pande mbili. Ukilifungua huku unakuta majedwali. Ukiligeuza, ukalifungua kutoka nyuma, unakuta kitu kingine: maneno makubwa ya wino wa buluu, kila moja limepigiwa mstari mwekundu kwa rula, na chini yake mistari mifupi yenye vidoti na miaka. RENACIMIENTO. BARROCO. ROMANTICISMO. REALISMO. MODERNISMO. Mwandiko ulikuwa ule ule na herufi zile zile. Nilimuuliza baba. Aliangalia, akasema, hicho ni Kilatini cha juu, cha madarasa ya mbele. Akalifunga daftari. Yeye hakulifungua tena upande ule. Mimi nililifungua kila alipotoka.

Sasa niwaeleze kuhusu misalaba. Fundi wa mbao mahali petu ndiye fundi wa mlango, wa kitanda, wa jeneza na wa msalaba. Baba alichonga misalaba ya mninga kwa sababu mchwa wanauogopa, akaandika jina kwa rangi nyeupe. Kwa aliyetaka, aliongeza maneno ya Kilatini ya kumwombea marehemu apumzike kwa amani, yale yanayojulikana. Watu waliyapenda. Walisema msalaba wenye Kilatini unasimama vizuri zaidi.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, Evaristi alikufa. Alikuwa na miaka kumi na minne, mtoto pekee wa mama mmoja wa jumuiya yetu ya sala, mkulima wa karanga, ambaye mumewe alikuwa akikaa muda mrefu kwenye mashamba ya tumbaku. Evaristi alikuwa akitubeba kwa zamu kwenye keria ya baiskeli, akiiga honi ya treni kwa mdomo. Tumbo lilimuuma siku nne. Mama yake alikaa kando ya kitanda chake siku zote nne, na watu waliokuwepo walisema mtoto hakupata hata saa moja bila maumivu.

Baba alichonga msalaba, akaandika jina, kisha akaondoka kwa treni kwenda Tura kuweka milango ya nyumba ya mtu. Siku ya tatu Mama Evaristi akaja bandani. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Alisema anataka na yale maneno ya Kilatini, lakini asiwekewe yale ya kila mtu, kwa sababu mwanawe alikuwa anasoma sana. Akauliza, mnayo mengine?

Nikasema tunayo.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja na mwandiko mzuri, na baba hakuwepo. Nililigeuza daftari, nikapitisha kidole chini ya mistari myekundu. Nilichagua ROMANTICISMO kwa sababu lilikuwa refu na ukilisema linakwenda kama treni inayoanza kuondoka. Nikaliandika kwa brashi ndogo ya baba. Sikupima. Nilipofika mwisho mkono wa msalaba ulikuwa umeisha, ikabidi herufi mbili za mwisho zibanwe, ndogo kama za mtu anayenong'ona.

Mama Evaristi hakujua kusoma vizuri. Akaniomba nimfundishe kulisema. Nikamfundisha silabi kwa silabi, yeye akirudia nyuma yangu akiwa ameshika mti wa msalaba. Alipoliweza, akaniuliza.

"Maana yake nini, Regina?"

Hapa ndipo ningeweza kusema sijui. Neno lenyewe ni fupi, na nilikuwa nalijua. Lakini alikuwa ananitazama kwa namna ambayo mtu mzima hakuwahi kunitazama, kama vile mimi ndiye mkubwa.

"Maana yake, Mungu amweke mahali pasipo na maumivu," nikasema.

Alivuta upande wa kanga, akaufunika mdomo wake. Kisha akanishukuru, akaita vijana wawili wambebee msalaba.

Baba aliporudi kutoka Tura, msalaba ulikuwa umeshasimamishwa. Jumapili baada ya misa tulipita makaburini. Alisimama mbele yake, mikono nyuma. Mimi nilikuwa pembeni yake nikingoja kusifiwa au kuchapwa, kimojawapo. Alisoma lile neno, midomo ikitembea bila sauti. Alilisoma tena. Kisha tukaondoka. Njiani aliniuliza swali moja tu, kama rangi ilitosha. Nikasema ilitosha. Sikuelewa. Kwetu kimya cha baba kilikuwa na aina zake na zote nilizijua, lakini hicho sikukijua.

Watu waliliona neno jipya, wakalitaka. Bibi Pelagia alipofariki, wanawe walikuja kuomba Kilatini cha juu. Baba akaniambia, chagua wewe. Hakulitazama daftari. Nikachagua BARROCO. Baadaye Mzee Kasanda, naye nikampa REALISMO. Mimi niliandika, baba akashika msalaba usitikisike, uso wake ameugeuzia barabarani.

Na kila Alhamisi jioni jumuiya ilipokutana, ilipofika zamu ya kila mtu kuleta ombi lake, Mama Evaristi alimtaja mwanawe, akanyamaza kidogo kama anayepanda ngazi, akasema: "Romantisismo." Sisi wote tukaitikia amina. Mwanzoni watu waligeuka kumtazama. Baadaye wakazoea, na nilisikia wamama wengine wakijaribu kulisema neno hilo peke yao wakichota maji. Baba aliinamisha kichwa kila likitajwa. Mimi niliona ni ibada.

Ulipita mwaka na zaidi. Ikafika Siku ya Marehemu Wote, tunapofyeka nyasi makaburini na padri anapita akinyunyiza maji ya baraka. Mwaka huo kulikuwa na sista mgeni wa zahanati, Sista Pilar, mama mnene wa makamo aliyeongea Kiswahili cha polepole na kumsalimia kila mtu hadi watoto wa mgongoni. Alikuwa akipita kati ya makaburi akisoma majina. Kwa Evaristi alisimama. Akainama. Akavaa miwani. Kisha akatazama huku na huku, akaona la Bibi Pelagia, akaona la Mzee Kasanda, akafunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalitikisika. Hadi leo siwezi kuwaambia kama alikuwa anacheka.

Akauliza nani aliandika. Nikanyoosha mkono kama shuleni. Akaniuliza ni lugha gani. Nikasema Kilatini cha juu. Alinishika kichwani, akaenda kuongea na baba pembeni, na kesho yake akaja bandani kuliona daftari.

Nilikuwepo, nimekaa kwenye gogo langu. Sista alifungua upande wa majedwali, akasema ndiyo, hiki ni Kilatini, cha mwanzo kabisa, cha watoto. Akaligeuza. Akasema huku si Kilatini. Huku ni Kihispania, lugha ya kwao. Yule sista wa zamani alipokuwa msichana wa shule alitumia daftari moja kwa masomo mawili, kubana matumizi. Upande mmoja lugha ya Warumi, upande wa pili historia ya waandishi wa Kihispania: enzi hii waliandika hivi, enzi ile wakaandika vile, na kila enzi ina jina lake.

Baba alichukua penseli kutoka sikioni. Akaanza kuuliza neno moja moja, na majibu akayaandika kwenye ubao uliokuwa mbele yake.

"Hili la Bibi Pelagia?"

"Hao waliandika kwa mapambo mengi, Fundi. Neno moja walilivalisha nguo kumi."

"La Mzee Kasanda?"

"Kusema mambo kama yalivyo. Maisha ya kila siku, bila kuyapamba."

Baba akaandika. Kisha akakaa na penseli hewani.

"Na hili la mtoto?"

Sista alivua miwani yake. Akasema hao walikuwa waandishi wa moyo. Waliandika kuhusu huzuni, kuhusu mwezi na magofu na makaburi, na watu waliokufa wangali vijana. Walilia sana, akasema, wengine walizidisha.

"Ni sala?" baba akauliza.

"Hapana. Ni somo. Sisi tulilifanyia mtihani."

Halafu Sista akamwambia asihangaike, aache yalivyo, Mungu anasoma lugha zote. Baba akajibu kwamba hilo analijua, Mungu anasoma, lakini Mama Evaristi hasomi. Sista akavaa miwani yake, akaaga. Alipoondoka, baba aliuchukua ule ubao wenye majibu akauegemeza ukutani, na siku tatu nzima hakuutumia wala hakuufuta.

Alianza kwa familia zile mbili. Watoto wa Bibi Pelagia walicheka hadi wakashikana, maana bibi yule alikuwa akienda kanisani na kanga tatu na shanga za rangi zote; wakasema liache, limempata. Mtoto wa Mzee Kasanda naye akasema baba yake maisha yake yote hakuwahi kusimulia jambo lilivyokuwa, chui wake walikuwa na pembe, basi acha neno hilo likae limfundishe. Baba alirudi nyumbani amepungukiwa na mzigo kidogo. Mimi sikupungukiwa. Wale hawakuwa wamefundishwa na mimi kusali.

Jumamosi asubuhi alivaa shati la misa, akachukua randa na msasa, akaniambia twende. Njia nzima nilikuwa nahesabu maneno yangu ya siku ile: mahali pasipo na maumivu. Nilijua atakachosema Mama Evaristi. Atasema, binti yako ndiye aliyeniambia. Na baba, ambaye alikuwa anajua kwamba nilichagua neno lakini hakujua kwamba nililitungia maana, atanigeukia mbele ya watu. Sikuogopa fimbo. Niliogopa uso wake.

Tulimkuta Mama Evaristi uani anabangua karanga na jirani yake, Mzee Ndahani. Huyu alikuwa Mgogo, mstaafu wa reli, amekaa kwetu miaka mingi lakini hakuacha kutukumbusha kwamba sisi ni watani wake tangu enzi za misafara, babu zetu walipopita kwao na pembe za ndovu mabegani wakiomba maji. Nikawaamkia wote wawili.

"Marahaba," akasema Mzee Ndahani. "Fundi amekuja na randa na shati la misa. Sasa sijui anazika au anaoa."

Baba hakujibu utani, jambo ambalo kwetu si adabu. Alikaa kwenye kigoda alichopewa, akasema yote kwa mpangilio. Alisema neno la msalabani si Kilatini. Ni Kihispania, na si sala, ni jina la aina ya vitabu. Mama Evaristi aliendelea kubangua, kisha mikono yake ikasimama yenyewe.

"Mtoto hajui kitu," baba akasema. "Mwenye kosa ni mimi. Niliporudi kutoka Tura nililiona nikajua silijui. Ningeuliza, nikanyamaza. Seminari walinirudisha kwa sababu ya Kilatini, Mama Evaristi. Nilifeli mara mbili. Sikutaka watu wajue kwamba kipo nisichokijua."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwa nini baba alirudi nyumbani. Nililijua uani kwa watu, nimesimama na msasa mkononi.

Mzee Ndahani alitema ganda la karanga. "Ninyi Wanyamwezi," akasema, "mlibeba mizigo ya watu kutoka huku mpaka pwani, miezi na miezi, hamjui ndani mna nini. Nilidhani mmeacha. Kumbe mmehamia kwenye maneno."

Hakuna aliyecheka, ila ule utani ulifanya kazi yake, hewa ilipita. Mama Evaristi akavuta pumzi.

"Alhamisi ngapi, Sipriani? Alhamisi ngapi umekaa pembeni yangu umeinama, mimi nasema, na wewe unajua hujui?"

"Zote," baba akasema.

Mama Evaristi akamwacha na jibu hilo. Kuku aliingia kwenye ungo wa karanga na hakuna aliyemfukuza. Baadaye baba, kwa sauti ya chini kabisa, akauliza lile swali nililokuwa nalingoja tangu alfajiri. Alimuuliza, wakati wote ule alikuwa anaamini neno hilo maana yake nini. Kuna mtu alimwambia?

Mama Evaristi aliinua macho. Hakumtazama baba, alinitazama mimi. Nilitaka kulia, nilitaka kukimbia, nilitaka aseme upesi yaishe. Alinitazama kwa muda wa mtu kubangua karanga moja.

"Sikuuliza maana," akasema.

Sikuelewa. Nilidhani amesahau. Kisha nikadhani ananiwekea, atanisema siku nyingine kwa mama.

Baba akasema atalitoa neno hilo sasa hivi na kuandika atakalo. Mama Evaristi akamuuliza, katika Kilatini kile cha kweli, ni maneno gani anayoyajua bila wasiwasi. Baba alifikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema anajua waridi, meza, mkulima, baharia, malkia na msichana. Akasema anasikitika, hayo ndiyo ya mwanzo, hakuna linalofaa kaburini.

"Mkulima ni baba yake," akasema Mama Evaristi. "Mwanangu hakulima hata msimu mmoja wa kwake." Akainuka, akakung'uta maganda kwenye kanga. "Litoe. Libaki jina."

Tulikwenda wanne makaburini. Mzee Ndahani aliushika msalaba kwa nyuma, akilalamika kwamba Mnyamwezi akikosea ni Mgogo anayefanya kazi. Baba alipitisha randa. Rangi nyeupe ilitoka imelala juu ya maranda mekundu, herufi mbili, tatu, nusu herufi. Zile mbili ndogo za mwisho ziliondoka kwa mkupuo mmoja. Mimi nilipiga msasa. Mama Evaristi alisimama akatazama hadi mwisho, akapitisha kiganja pale palipokuwa na neno, akasema pako laini.

Nimezaa watoto watatu, na mmoja wao nimemzika. Ni baada ya huyo ndipo nilipoelewa kidogo. Nilielewa kwa nini mtu anaweza kumuuliza mtoto wa miaka kumi na mmoja maana ya neno na kuamini chochote atakachojibiwa. Nilielewa pia kwamba Mama Evaristi hakuwa amesahau. Alikuwa ameona mtoto amesimama na msasa, baba yake amekwisha kujivua nguo mbele ya watu, akaamua kwamba aibu ya siku ile inatosha. Alichukua uongo wangu akaukalia. Sikuwahi kumshukuru, alikufa mimi nikiwa nimeolewa Igalula, nikafika baada ya maziko. Kuhusu baba, nilielewa kwamba kimya chake cha pale msalabani na kimya changu cha uani vilikuwa kitu kile kile. Tofauti ni kwamba yeye alivaa shati la misa akaenda kukivunja. Bado sielewi kwa nini mimi sikuweza, mtu mzima, miaka yote ile, kikombe cha uji mkononi.

Alhamisi iliyofuata siku ile ya randa, jumuiya ilikutana. Ilipofika zamu yake, Mama Evaristi alimtaja mwanawe. Tukangoja, kwa mazoea. Hakuongeza kitu. Aliyekuwa pembeni yake akaanza ombi lake.

Tulirudi nyumbani mimi na baba, yeye mbele mimi nyuma, bado kuna mwanga. Karibu na banda alipunguza mwendo hadi nikamfikia.

"Mwaka mzima na zaidi," akasema, "na hata maana hakuuliza. Alituamini hivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma, Regina."

Nikasema, "Ndiyo, baba."